Ukuta wa Tofali Moja

Kati yangu na Bi Glenys pana tofali moja tu.
Namsikia akikohoa. Naye husikia mbuzi yangu ikikuna nazi;
mwaka wa kwanza aliniuliza, kwa haya, kama mimi ni seremala.

Akaleta pai ya tufaha ndani ya bakuli
alilolichora mwenyewe kiwandani, maua ya buluu,
enzi ambazo matanuru ya Stoke yalikuwa yakiwaka.
Sasa yamesimama tu, kama chupa zilizokwisha kunywewa.
Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu,
basi bakuli likaenda na wali, likarudi na keki,
likaenda na mahamri, miaka minne,
na Kiingereza changu kikanyooka humo humo.

Kisha mjukuu wake akamnunulia kishikwambi
ili amwone kitukuu aliyezaliwa Kanada.
Alimwona. Akafurahi. Akateremsha kidole,
na kidole kikasita, sekunde tatu,
juu ya picha ya watu weusi ndani ya boti.
Tatu tu. Pengine alikuwa akitafuta miwani.
Lakini kuna kitu kilichokuwa kinahesabu, kikahesabu.

Kesho yake akaletewa boti mbili.
Keshokutwa, msikiti.
Mtondo, mwanamume anayefoka peke yake ndani ya gari.
Mtondogoo Bi Glenys alipita na pipa lake mlangoni kwangu
bila kuilaumu mvua.

Nami nisijitie utakatifu.
Ghalani, saa tisa ya usiku, dakika kumi na tano za mapumziko,
nilikuwa nalishwa changu:
vioo vya maduka, shingo nyekundu, bendera, moto,
tena moto uleule kutoka upande mwingine wa barabara.
Asubuhi niliwatazama wazee wa kituo cha basi
kana kwamba kila mfuko una petroli.
Sikumwona Bi Glenys mle.
Ila nilimtafuta.

Tofali moja.
Upande huu mji unaungua, upande ule mji unavamiwa,
na nje, mtaani penyewe, paka wa namba kumi na tisa
amelala juu ya boneti ya gari ambalo bado lina joto.

Wiki sita. Bakuli likakaa juu ya friji,
likajaa chaja na betri zilizokufa.
Mwanangu Shaibu akauliza, "Tumemkosea nini?"
Nikasema, "Kula."

Jumapili hodi ikapigwa. Alikuwa na kandambili, kishikwambi kifuani.
"Wameiweka nyumba yenu," akasema. "Namba na mlango wa kijani.
Wanasema mna wanaume kumi na wanne humu ndani."
Tuko watatu, na mmoja ana miaka tisa.
"Nimewaandikia kuwa ni uongo. Nimewaambia kuhusu nazi.
Nimeandika mara ishirini na mbili."

Shaibu akakitazama, akakuna kichwa.
Watoto hawajui kupamba maneno.
"Bibi, kila ukijibu, kinapanda juu.
Wewe ndiye uliyekipandisha."

Sijawahi kumwona mtu mzima akikaa chini namna ile,
kwenye ngazi ya jirani, taratibu,
kama anayekaa kwenye kiti asichokiamini.

Nikaliosha bakuli. Sikuwa na cha kutia;
mshahara ulikuwa bado, na mkewe mtu yuko zamu.
"Leo lirudi hivyo hivyo," akasema, akalipokea kwa mikono miwili.
Hakuomba radhi. Nami sikuomba, ingawa nilikuwa na deni.

Usiku nilimsikia akikohoa.
Kishikwambi chake kilikuwa bado kinanong'ona.
Simu yangu nayo ilitetemeka mezani, ikageuka kidogo,
kama mende aliyelala chali.

Nikashusha mbuzi kabatini.
Saa tano usiku, bila wali jikoni, bila sababu ya upishi,
nikakuna nazi moja nzima, kwa kelele zote,
ili asikie kitu
ambacho hakuna aliyemchagulia.